Acheni Kumpima Dogo kwa Futi! Waliompita Curry Walikuwa na Vipimo Vyote Mkononi

Kila mwaka Juni ikikaribia, mtandaoni huibuka maprofesa wa kikapu. Watu ambao miezi kumi nzima walikuwa wanatoana povu kuhusu Simba na Yanga, ghafla wanajua urefu wa mikono ya kijana wa miaka 20 anayesoma chuo Marekani, kilo zake, na hata sentimita anazoruka akiwa amesimama. Hukumu inatoka chap kwa haraka. "Huyu dogo mfupi." "Hana mwili, NBA watamla mzima." "Anatupia tu, hajui kuchezesha timu." Ukiuliza wameona mechi zake ngapi, kimya. Ushahidi wote ni kipande cha video cha sekunde 40 chenye muziki mkubwa kuliko mchezo wenyewe.

Anayepigwa mawe zaidi ni gadi wa chuo, yule anayepandisha mpira na kuanzisha mambo. Mrefu akikosea wanasema bado anakua. Mfupi akikosea wanasema ndiyo mwisho wake. Na hapo hapo lazima atokee mmoja wa kuweka picha ya Hasheem Thabeet na vicheko vitatu pembeni, halafu anajiona ameshinda mjadala.

Sawa. Kwa kuwa Thabeet anaitwa kila mara kama shahidi, basi shahidi aitwe vizuri, kesi yote isikilizwe.

Tarehe 25 Juni 2009, New York. Ni usiku wa drafti, ule ambao timu za NBA zinachagua vijana kwa zamu. Wa kwanza anachukuliwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis Grizzlies wanamchukua kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, futi 7 na inchi 3, kutoka chuo cha Connecticut. Wa tatu James Harden. Wa nne Tyreke Evans. Wa tano na wa sita Minnesota Timberwolves wanachagua mara mbili mfululizo, wote magadi: Ricky Rubio, kisha Jonny Flynn. Wa saba, Golden State Warriors wanamchukua kijana mwembamba mwenye sura ya mwanafunzi wa kidato cha nne, kutoka chuo kidogo kinachoitwa Davidson. Jina lake Stephen Curry.

Yaani watu sita walitajwa kabla yake. Timu moja ilikuwa na nafasi mbili pale pale, ikatafuta gadi, ikachagua magadi wawili, na wala hakuwa yeye! Flynn alicheza misimu mitatu tu NBA, nyonga ikamharibia safari. Rubio alibaki Hispania miaka miwili kabla ya kuvuka bahari.

Sasa wanaopenda kucheka wanaishia hapo. Wanasema Memphis walikuwa vipofu. Hapana bwana. Memphis waliona kila kitu, na timu nyingine zote ziliona. Hakukuwa na siri yoyote kuhusu Curry wa Davidson. Mechi zake zilionyeshwa kwenye televisheni, takwimu zake zilichapishwa, baba yake Dell alikuwa amecheza NBA misimu 16. Shida haikuwa kukosa taarifa. Shida ilikuwa ni taarifa ipi ilipewa uzito, na hiyo ndiyo shida ile ile ya maprofesa wa Juni mpaka leo.

Angalieni alichokuwa amekifanya mpaka usiku ule.

Akiwa sekondari alikuwa mdogo wa mwili kiasi kwamba mpira alikuwa anaurusha kuanzia kiunoni. Baba yake akamwambia ukifika juu huo mtupo utazuiwa wote, akambadilishia kila kitu, mpira utokee juu ya kichwa. Kiangazi kizima dogo hakuweza kutupia hata kwa umbali wa karibu, mikono ilikuwa haina nguvu ya kuufikisha mpira. Wengi wangerudi kwenye mtupo wa zamani kimya kimya. Yeye alikaa na ule mpya mpaka ukatii.

Vyuo vikubwa havikumtaka. Virginia Tech, chuo alichosoma baba yake na kuweka jina, kilimpa nafasi ya kujiunga bila ufadhili wa masomo. Davidson, chuo cha wanafunzi kama 1,700 hivi huko North Carolina, ndicho kilichomkumbatia. Mechi yake ya kwanza kabisa, Novemba 2006, alipoteza mpira mara 13. Mara kumi na tatu! Fikirieni video hiyo ingewekwa mtandaoni leo, na maoni ambayo yangefuata. Kocha wake, Bob McKillop, alikuwa na kila sababu ya kumweka benchi. Akampanga tena mechi iliyofuata, dhidi ya Michigan, na dogo akafunga pointi 32.

Msimu huo wa kwanza alimaliza na wastani wa pointi 21.5. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchi nzima aliyemzidi alikuwa mmoja tu, Kevin Durant.

Mwaka wa pili ndio Marekani nzima ilishika kichwa. Machi 2008, kwenye mashindano makubwa ya vyuo, Davidson ikiwa timu ndogo isiyopewa nafasi, Curry aliifunga Gonzaga pointi 40. Georgetown akaifunga 30, nyingi kati ya hizo kipindi cha pili wakati timu yake ilikuwa imeshachapwa vizuri tu. Wisconsin, timu iliyosifika kwa ulinzi, ikala 33 mbele ya macho ya LeBron James aliyekuwa amekaa jukwaani kama shabiki mwingine yeyote. Viongozi wa chuo waliwalipia wanafunzi mabasi, hoteli na tiketi mpaka Detroit wakaone. Ndoto ikaishia kwa Kansas, 59 kwa 57, na Kansas hao ndio waliokuja kubeba ubingwa. Shambulizi la mwisho Curry alibanwa, akampa mwenzake Jason Richards, mpira ukakataa kuingia. Msimu huo peke yake alifunga mitupo ya pointi tatu 162, rekodi ya vyuo wakati huo.

Na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi hupapita.

Miaka ile miwili Curry hakuwa mpandisha mpira. Kazi hiyo ilikuwa ya Richards. Curry alikuwa anakimbia bila mpira, anazunguka migongo ya wenzake, anatokea upande huu, anapokea, anatupia kabla beki hajageuza shingo. Maskauti wakasema: sawa, lakini kwa urefu huu, futi 6 na inchi 2 hivi, hawezi kucheza nafasi hiyo NBA, lazima ajue kuchezesha timu, na hajui. Richards alipomaliza chuo mwaka 2008, Curry angeweza kuondoka na yeye, jina lilikuwa juu. Akabaki. Akachukua mpira mwenyewe mwaka wa tatu, makusudi, ili ajifunze kazi ile ile waliyosema hawezi.

Matokeo? Wastani wa pointi 28.6, wa kwanza nchi nzima. Pasi za kufungisha 5.6 kwa mechi, kutoka chini ya tatu mwaka uliotangulia. Kupora mpira mara 2.5. Kila beki wa ukanda wake alilala akimuota yeye na bado hawakumzuia.

Kasoro mara moja. Novemba 2008 kocha wa Loyola ya Maryland aliweka walinzi wawili juu ya Curry mchezo mzima, hata akiwa hana mpira, hata akiwa amesimama kona kama anasubiri daladala. Mtu aliyetoka kuifunga Oklahoma pointi 44 wiki moja kabla, mechi hiyo alitupia mara tatu tu na kumaliza na sifuri. Sifuri kabisa. Ukitazama takwimu peke yake unasema amefeli. Ukweli ni kwamba aliona mapema kinachofanyika, akaenda kusimama pembeni na walinzi wake wawili, akawaachia wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu. Davidson ilishinda 78 kwa 48.

Hebu mtu aseme ni kipimo gani cha futi na inchi kinaweza kuonyesha kitu kama hicho. Kijana wa miaka 20, mfungaji namba moja wa nchi, anakubali kuandikiwa sifuri ili timu ishinde kwa pointi 30. Hiyo ndiyo akili ya kuchezesha timu waliyokuwa wanaitafuta kwa tochi, nayo ilikuwa imesimama konani mchana kweupe.

Yaliyofuata kila mtu anayajua kwa hiyo yapite haraka. Vikombe vinne: 2015, 2017, 2018 na 2022. Mchezaji bora wa ligi 2015 na 2016, mara ya pili kwa kura zote bila hata moja kupotea, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Mitupo 402 ya pointi tatu ndani ya msimu mmoja. Fainali ya Olimpiki Paris 2024, mitupo minane ya pointi tatu, Ufaransa ikalala nyumbani kwao. Inatosha.

Lakini polemiki hii haijaandikwa kumsifia Curry. Anazo sifa za kutosha. Kuna watu wawili wanaoonewa kwenye hadithi yake, na mmoja wao ni mtoto wa Dar.

Thabeet alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Wenzake wa Marekani wakati huo walikuwa na miaka kumi ya mazoezi, makocha na mashindano. Ndani ya miaka saba akawa mchezaji wa pili kuchaguliwa kwenye drafti ya NBA, na Mtanzania wa kwanza kufika huko. Connecticut hakubebwa kwa huruma. Msimu wa 2008-09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2, timu yake ikafika nne bora za nchi. Mlinzi bora wa ligi yao, Big East, miaka miwili mfululizo. Mchezo mmoja dhidi ya Providence alimaliza na tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na bloku pia. Wanaoweka picha yake na vicheko, wengi wao hawawezi kugusa hata wavu wa kikapu pale viwanja vya Don Bosco.

Kule Memphis alikuta nini? Alikuta Marc Gasol yupo katikati, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Kijana ambaye anahitaji dakika nyingi za kukosea akapewa dakika 13 hivi kwa mechi. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, akapelekwa ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu kabisa kuwahi kushushwa kule hadi wakati huo. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston. Ni kweli alikuwa na mapungufu, tusidanganyane: miguu ilikuwa mizito, faulo zilikuwa nyingi, mikono haikushika pasi ngumu. Ila hayo yote yalionekana chuoni. Waliomchagua waliyaona, wakasema urefu haufundishwi, mengine atafundishwa. Halafu hawakumfundisha.

Linganisheni na Curry. Alipofika Golden State, gadi mkubwa wa timu, Monta Ellis, alisema hadharani kwamba wao wawili hawawezi kucheza pamoja. Vifundo vya mguu vikamsumbua, akafanyiwa upasuaji 2011, akafanyiwa tena 2012, msimu mmoja akacheza mechi 26 tu. Mtandaoni wakati huo alishaitwa wa kioo. Timu ikafanyaje? Machi 2012 ikamuuza Ellis, ikambakiza Curry, na mwaka huo huo ikampa mkataba mpya wa miaka minne wa dola milioni 44, ambao wengi waliuona ni kamari. Mmoja alipewa timu na muda. Mwingine alipewa benchi na basi la kwenda Dakota. Kusema hawa wawili walishindanishwa sawasawa ni kukosa aibu.

Kwa hiyo kumtumia Thabeet kama fimbo ya kuchapia watu ni kukosea mara mbili. Unamsingizia mchezaji makosa ya wazee wa ofisini, na unaacha kosa lenyewe likitembea huru. Kosa lenyewe ni lile la kudhani mwili ni kipaji na kipaji ni ziada.

Mwingine anayeonewa ni dogo wa leo. Na mtu asiseme mambo haya yalikuwa ya zamani, kwamba baada ya Curry timu zimeshajifunza. Zimejifunza wapi?

Nendeni drafti ya 2018. Chuo cha Villanova kimetoka kuchukua ubingwa wa nchi kwa mara ya pili ndani ya miaka mitatu. Gadi wao, Jalen Brunson, alikuwemo kwenye kikosi kilichoanza mara zote mbili. Mwaka huo amebeba tuzo kubwa za mchezaji bora wa vyuo vyote. Wastani wa pointi 18.9, pasi za kufungisha 4.6, na mitupo ya pointi tatu anaingiza zaidi ya asilimia 40. Tena digrii ameimaliza kwa miaka mitatu. Unataka nini kingine kwa kijana?

Wakasema mfupi. Wakasema haruki. Wakasema ana miaka 21, ameshafika mwisho wake. Wachezaji wenzake watatu wa Villanova wakachaguliwa kabla yake: Mikal Bridges wa 10, Donte DiVincenzo wa 17, Omari Spellman wa 30. Mchezaji bora wa nchi akaitwa wa nne kwenye timu yake mwenyewe, namba 33, raundi ya pili, Dallas. New York Knicks usiku ule walikuwa na namba 9, wakamchukua kijana mrefu wa Kentucky, Kevin Knox, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 19. Alikuwa na kila kitu kwenye karatasi: urefu, umri, mikono. Miaka minne baadaye Knicks hao hao wakamlipa Brunson dola milioni 104 aje kuwaokoa. Na akawaokoa kweli. Msimu wa 2023-24 wastani wake ulikuwa pointi 28.7. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa dakika za mwisho, na timu ikafika fainali ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000.

Milioni 104. Kwa mtu ambaye wangeweza kumpata kwa mshahara wa dogo wa chuo.

Sasa atatokea mjanja aseme: mbona hamumtaji Jimmer Fredette? Swali zuri, na ni bora liulizwe. Fredette wa chuo cha BYU mwaka 2011 alikuwa moto kuliko mtu yeyote. Wastani wa pointi 28.9, wa kwanza nchi nzima, mchezaji bora wa mwaka, anatupia kutoka mbali mpaka watu wanacheka. Akachaguliwa wa 10, akaishia Sacramento, NBA ikamshinda, akaenda kutamba China. Kwa hiyo, anasema mjanja, maskauti walikuwa sahihi kuwaogopa hawa watupiaji wafupi.

La. Fredette na Curry wanafanana kwenye video ya sekunde 40 tu. Kwenye mechi ya dakika 40 ni watu wawili tofauti. Fredette pointi zake zilitaka mpira uwe mkononi mwake mchezo mzima, apime, acheze na beki, ndipo atupie. Akifika kwenye timu ambayo mpira ni wa mwingine, anafanya nini? Curry alikuwa ameshalijibu swali hilo kabla halijaulizwa: miaka miwili bila mpira, mwaka mmoja akiwa nao, na kote kote aliua. Brunson vile vile: alianza mwaka wa kwanza akiwa na wakubwa wenye majina, akawasaidia kushinda, kisha timu ikawa yake na akashinda tena. Hicho ndicho cha kutazama kwa gadi wa chuo, na hakihitaji mashine ya kupimia. Je, mwaka huu anafanya kitu ambacho mwaka jana alikuwa hawezi? Akiletewa walinzi wawili anapaniki, anang'ang'ania, au anawatumia? Akinyang'anywa mpira anasimama mikono kiunoni au anakimbia?

Inataka kutazama mechi nzima, zile za Jumanne usiku zisizo na muziki. Ndiyo maana maprofesa hawaitaki.

Kuhusu umri nako kuna ujinga unaozoeleka. Tangu drafti ya 2006, kijana wa Marekani lazima afikishe miaka 19 na upite mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Basi imekuwa kama sheria ya pili isiyoandikwa kwamba ukikaa chuo zaidi ya mwaka huo mmoja, wewe ni bidhaa iliyopitwa na tarehe. Curry alikaa mitatu. Brunson mitatu. Damian Lillard alikaa minne Weber State, chuo ambacho wengi walikijua kwa sababu yake, akachaguliwa wa 6 mwaka 2012 na kubeba tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi kwa kura zote. Isitoshe tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Gadi mzuri akibaki mwaka wa pili au wa tatu sasa hivi huenda anapiga hela kuliko angekuwa namba 33 NBA. Lakini mtandaoni bado wanaandika "kabaki chuo, ameogopa". Ameogopa nini? Pesa?

Ni kweli mwili una kazi yake. Gadi wa futi 6 atatafutwa na kila timu pinzani upande wa ulinzi, watamvuta nje, watamgongesha kwa mabeberu mpaka achoke. Brunson mpaka leo anafanyiwa hivyo kila usiku. Hakuna anayesema kila mfupi ni Curry. Wafupi wengi wa chuo hawatacheza NBA hata dakika moja, na warefu wengi pia. Tofauti ni kwamba mrefu anapewa nafasi tatu za kushindwa kabla ya kuachwa, na mfupi anatakiwa kufaulu kabla ya kupewa nafasi.

Na ugonjwa huu haukai Marekani. Umeshashuka ndege. Nendeni jioni pale Kidongo Chekundu, kwenye viwanja vya JMK, au Upanga. Kijana mrefu akiingia tu getini, hata kama viatu kaazima na mpira hajawahi kuudunda, watu watatu wanamzunguka wamuulize namba ya simu ya mzazi. Anawekwa chini ya goli, anaambiwa nyoosha mikono, habari ya kudunda na kupasia aiache. Kwa hiyo anakua akiwa hajui kudunda wala kupasia, yaani anatengenezwa upya kuwa yule yule Thabeet ambaye Memphis walishindwa kumalizia. Pembeni yake kuna kafupi, kana miaka 14, mkono wa kushoto na wa kulia kwake ni sawa, kanaona pasi ambazo wakubwa hawazioni. Kanaambiwa "wewe ungekuwa mrefu ungefika mbali". Kanaambiwa hivyo na kocha, na wenzake, na sasa na simu yake mwenyewe kila kakifungua mtandao na kukuta watu wazima wanamcheka gadi wa chuo kwa sababu ya inchi mbili.

Nafasi za ufadhili wa masomo kwa watoto wa Bongo ni za kuhesabu. Zikigawiwa kwa kipimo cha mlangoni, kafupi kanaacha mpira kakifika kidato cha tatu, na hakuna atakayejua kilichopotea, kwa sababu hakuna video yake.

Mwaka huu tena majina yatatoka. Atakuwepo gadi mmoja wa chuo, mwembamba, wa futi 6 na kidogo, ambaye msimu uliopita alikuwa hawezi kupasia kwa mkono wa kushoto na msimu huu anaweza. Maprofesa wameshaandaa picha ya kuchekea. Mechi zake nzima zipo, ni saa mbili tu kila moja.